Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji Mtwara na Lindi: mita 60 zinalinda jicho la chemchemi, maji yanachafukia juu

Kwa Wakuu wa Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, mameneja wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji.

Waheshimiwa,

Wanaoandika barua hii ni watu wa maji na watu wa shamba: mafundi, wasimamizi wa vyombo vya watumia maji na maofisa ugani. Hatuombi kisima kipya. Tunaomba mpaka wa kulinda chanzo cha maji upimwe kwa kufuata yanakotoka maji. Utaratibu uliozoeleka ni kushika futi kamba, kuzunguka jicho la chemchemi, pale maji yanapotokea, mita 60 kila upande, kuchomeka bango na kuondoka. Hilo peke yake halilindi maji ya kunywa katika ardhi ya mchanga kama yetu.

Mita 60 zimo kwenye sheria. Zipo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inazitaja pia. Hatusemi zifutwe. Tunachosema ni kwamba hicho ni kiwango cha chini ambacho kimegeuzwa kikawa kipimo chenyewe, wakati Sheria Na. 11 hiyo hiyo inaruhusu eneo kubwa zaidi litangazwe kuwa eneo la kulinda chanzo.

Tazameni ardhi yenyewe. Juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, huoni mto. Mvua kubwa ikinyesha asubuhi, mchana unatembea bila kuchafua viatu, kwa sababu mchanga umeimeza. Maji hayo yanashuka polepole, yanakutana na tabaka lisiloyapitisha, kisha yanatembea pembeni hadi yatokee mabondeni, chini ya mteremko. Ndiyo maana kwa vizazi vingi kina mama waliishi juu na kuteka chini. Mitema inayolisha Newala na Tandahimba, Mbwinji ya Masasi na Nachingwea, Mtawanya ya Mtwara mjini, Ng'apa ya Lindi mjini, zote ni maji ya chini ya ardhi. Na maji ya chini ya ardhi hayaanzii pale yanapoonekana.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukueni chemchemi ndogo ya kijiji inayojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, inatosha watu wapatao 1,700. Kwa mwaka inatoa mita za ujazo karibu 15,800. Sasa, mvua ya uwandani ni kama milimita 1,000 kwa mwaka. Tukadirie kwamba asilimia 15 yake inapita mizizi na kufika chini, maana nyingine inanyonywa na miti na kurudi hewani. Ili chemchemi hiyo itoe inachotoa, lazima mvua izame kwenye eneo la ekari 26 hivi. Duara la mita 60 lina ekari 2.8. Na nusu ya duara hilo iko chini ya jicho, upande ambao maji yameshapita!

Kwa visima virefu tofauti ni kubwa zaidi. Kisima kinachotoa mita za ujazo 50 kwa saa, pampu ikifanya kazi saa 16 kwa siku, kwa makadirio yale yale kinahitaji ekari karibu 480 za kuzamisha mvua. Hakuna anayesema ekari 480 ziwekewe uzio. Tunasema zijulikane, zichorwe kwenye ramani ya matumizi bora ya ardhi ya kijiji, na aliye ndani yake aambiwe kipi afanye na kipi asifanye.

Mita 60 zina kazi yake, nayo ni kuzuia vimelea vya kinyesi. Vimelea wengi hufa wakikaa ardhini muda wa kutosha, na kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni siku 50 za safari ya maji. Maji yakitembea mita moja kwa siku, siku 50 ni mita 50, kwa hiyo mita 60 zinatosha. Yakitembea zaidi ya mita 1.2 kwa siku, hazitoshi tena. Katika mchanga wa chenga kubwa wenye mteremko, mita mbili kwa siku si ajabu, na hapo zinatakiwa mita 100 na zaidi. Pampu ikiwashwa, maji ya karibu na kisima yanavutwa kwa kasi kuliko yalivyokuwa yakienda yenyewe. Kwa hiyo mita 60 zinaweza kutosha kijiji kimoja na kumdanganya jirani yake, kutegemea mchanga na mteremko. Hilo linapimwa, halikadiriwi kwa macho.

Kuna kingine ambacho hakifi hata kikikaa siku 500: naitreti. Hii inatoka kwenye vyoo vya shimo, samadi na mbolea. Kila mtu kwa mwaka anatoa takriban kilo 4 za naitrojeni. Kama yote ingezama na kugeuka naitreti, ingehitaji lita 350,000 hivi za maji safi ili kubaki ndani ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 50 kwa lita. Kwa ile chemchemi yetu ya ekari 26, hesabu hiyo mbaya kabisa inaishia kwenye watu 44, yaani kaya nane au tisa. Kwa kweli si yote inayozama, lakini mnaona jinsi viwanja vya makazi vinavyogawiwa upande wa juu wa chanzo vinavyomaliza nafasi haraka. Na afisa afya yeyote awaeleze wananchi wazi: kuchemsha maji hakuondoi naitreti. Mvuke unaondoka, naitreti inabaki, kwa hiyo inazidi. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo.

Tuje kwenye mikorosho, maana huku kusini huwezi kuzungumza ardhi ukaacha korosho.

Salfa ya unga inayopigwa kwenye mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga watu wengi wanaiogopa kama sumu. Kwa mnywaji wa maji si sumu kwa namna hiyo. Tatizo lake ni lingine, na linakuja taratibu. Salfa ikianguka chini, bakteria wa udongoni wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Udongo wa mfinyanzi una uwezo wa kuizima asidi hiyo. Mchanga wetu hauna. Kila kilo moja ya salfa inahitaji kilo tatu na kidogo za chokaa ya shambani ili asidi yake izimwe. Tuseme mkorosho umepigwa robo kilo mara tano kwa msimu, na ekari ina mikorosho 28 kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Hizo ni kilo 35 za salfa, na kuzizima kunataka kilo 109 za chokaa, kwa ekari moja, kwa msimu mmoja. Salfa ya ruzuku inafika hadi kwenye ghala la chama cha msingi. Chokaa haifiki. Matokeo yake ni udongo unaochachuka mwaka hadi mwaka, aluminiamu inayofunguka na kuumiza mizizi, na maji yenye asidi ambayo yanakula bomba la chuma na saruji ya tekeo (kijumba cha kukingia maji ya chemchemi) kutokea ndani.

Angalieni na kalenda. Salfa inapigwa kiangazi, mikorosho inapochanua, kuanzia Mei au Juni hadi Septemba. Kipindi hicho hicho mkulima anasafisha chini ya mikorosho hadi ardhi inabaki tupu, ili korosho ikianguka ionekane. Kisha Novemba au Desemba mvua za kwanza zinakuta shamba limefagiliwa na salfa ya msimu mzima imelala juu. Kwenye mteremko wa kuelekea chanzo, mvua hizo hazizami zote. Zinakimbia na mchanga, unga na kila kilichobaki.

Viuatilifu vya maji, hasa vya kuua mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi), hivyo ndivyo vya kuogopa kwa maana halisi ya sumu. Na hapa kosa kubwa halitokei kwenye kupulizia, linatokea kwenye kuosha. Mtu amemaliza kazi, bomba la mgongoni limebaki na nusu lita ya mchanganyiko. Kulibeba hadi nyumbani ni mbali, kijito kiko karibu. Anafungua kifuniko, analizamisha, anatikisa, anamwaga. Mkondo unachukua ile nusu lita yote kwa dakika moja, wakati shambani ingetawanyika kwenye majani ya miti kadhaa na kuvunjwa na jua. Jamii ya dawa ambazo majina yake yanaishia na "-thrin" ni hatari sana kwa samaki na wadudu wa majini hata kwa kiasi kidogo. Mkiona vidagaa vinaelea bondeni siku ya kupulizia, msitafute mchawi.

Utaratibu sahihi ni mwepesi. Maji ya kuchanganyia yachotwe na kupelekwa shambani kwa dumu. Bomba lisipelekwe kwenye maji. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, kila mara ikijazwa robo yake na kutikiswa, na maji ya kusuuzia yarudi ndani ya bomba yapuliziwe shambani. Bomba nalo lisuuzwe hivyo hivyo, maji yake yapuliziwe safu ya mwisho ya miti. Chupa itobolewe ili isigeuke ya kubebea mafuta ya taa au, Mungu apishe mbali, uraka, pombe ya mabibo. Gunia la salfa lisifuliwe kijitoni. Haya yanafundishika kwa siku moja pale pale ghalani, siku ya kugawa pembejeo, kabla mtu hajasaini kupokea.

Tunachopendekeza kuhusu mikorosho iliyo ndani ya mita 60 kinaweza kuwashangaza: isikatwe. Mkorosho mkubwa umeshika udongo na kivuli chake kinavunja mvua. Ukiukata, mwaka wa kwanza unapata mteremko mtupu na mgogoro wa fidia. Kinachotakiwa ni mikorosho hiyo isipigwe salfa wala dawa, nyasi zake zifyekwe bila kupaliliwa kwa jembe, na kusiongezwe mipya. Mwenye miti atapungukiwa mavuno; hiyo hasara ihesabiwe na alipwe kila msimu kutoka kwenye mapato ya maji. Shilingi chache kwenye kila ndoo zinaweza kubeba mzigo huo, na ni haki, kwa sababu kijiji kizima kinakunywa kwenye shamba la mtu mmoja. Nje ya mita 60 lakini ndani ya eneo la kuzamisha mvua, salfa iendelee, ila ipigwe kwa ukaguzi wa shamba na si kwa mazoea, matawi yaliyobanana yapogolewe hewa ipite, na chokaa igawiwe pamoja nayo.

Uchimbaji wa mchanga mabondeni nao haupewi uzito wake. Watu wanaona lori linachukua mchanga, wanadhani hasara ni shimo. Mchanga ule ndio chujio. Kama maji yako mita tano chini na mchimbaji akaondoa mita tatu, amebakiza mita mbili za kuchuja kinyesi cha ng'ombe, na shimo lake linakusanya maji machafu ya mvua na kuyapeleka chini moja kwa moja. Kibali cha mchanga kisitolewe bila kujua usawa wa maji ya chini mwezi wa Aprili, yanapokuwa juu kabisa. Choo cha shimo vilevile: kitako chake kibaki angalau mita mbili juu ya usawa huo wa Aprili. Shimo kavu la Oktoba linadanganya.

Mifugo inataka birika lake upande wa chini wa chanzo, lenye sakafu ya zege na bomba lake lenyewe. Kumfukuza ng'ombe bila kumpa pa kunywea ni kumwalika usiku.

Kwa wilaya zenye madini ya kinywe (grafiti), Ruangwa, Nachingwea na Masasi, tunaongeza moja. Mawe ya kinywe mara nyingi yana madini ya chuma na salfa ndani yake, ambayo yakifukuliwa na kukutana na hewa na mvua hutoa asidi. Kabla mgodi haujapewa nafasi ya kurundika vifusi, sampuli za mwamba zipimwe uwezo wake wa kutoa asidi, na maji ya visima vya jirani yapimwe kabla ya kazi kuanza. Bila kipimo cha kabla, kijiji hakitakuwa na cha kuonyesha baadaye.

Tumesema mengi ya juu, ila jicho lenyewe nalo linaharibiwa na ujenzi wa haraka. Kosa tunalotaka wahandisi walikatae kwenye michoro ni hili: bomba la maji ya ziada kuwekwa juu kuliko usawa wa asili wa jicho, ili tenki dogo la tekeo lijae zaidi na maji yapate msukumo. Chemchemi haisukumwi. Maji yakipanda ndani ya tekeo kuliko yalivyokuwa yakitoka, yanarudisha nguvu nyuma, yanatafuta upenyo mwingine, na siku moja mnakuta jicho limehamia mita 15 pembeni na tekeo la saruji limebaki kavu. Bomba la ziada likae sawa na jicho au chini yake kidogo, na mdomo wake ufungwe wavu ili chura na panya wasiingie.

Nyuma ya ukuta, mchimbaji afukue hadi aone maji yanatoka kwenye tabaka thabiti, aache hapo hapo asichimbe chini zaidi. Ajaze kokoto zilizooshwa, juu yake aweke udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa unene wa sentimita 30 au zaidi, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Huo mfinyanzi ndio kofia. Mafundi wengi wanauruka kwa sababu ukishafukiwa hauonekani. Mita 10 hadi 15 upande wa juu uchimbwe mfereji wa makinga maji wenye umbo la mwezi mwandamo, upeleke maji ya mvua pembeni na kuyamwaga chini ya tekeo. Ndani ya uzio ziwe nyasi tu. Miti ipandwe nje ya uzio, na mikaratusi isipandwe kabisa, inakunywa sana. Mti wenye mizizi mikali ukipandwa jirani na tekeo utaingia kwenye nyufa kutafuta maji.

Kujua kama kofia na mfereji vinafanya kazi hakuhitaji maabara. Mvua kubwa ikinyesha, chukueni maji ya chemchemi kwenye chupa nyeupe kila baada ya saa mbili. Yakibadilika rangi siku hiyo hiyo, maji ya juu yanaingia bila kuchujwa. Chanzo cha namna hiyo kisitangazwe salama hata kama sampuli ya Agosti ilitoka safi. Ndiyo maana tunaomba sampuli za maabara zichukuliwe mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Oktoba, na ndani ya siku tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza. Sampuli za kiangazi peke yake ni picha ya mtu aliyevaa kwenda harusini. Zipimwe vimelea vya kinyesi, ambavyo vinatakiwa kuwa sifuri katika mililita 100, naitreti, uchachu na salfeti. Klorini iendelee kuwekwa, na ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita kwenye kituo cha mwisho cha kuchotea, lakini mkumbuke kwamba kwenye maji ya tope klorini inaishia kwenye tope, na kwa naitreti haina kazi yoyote.

Wingi wa maji upimwe kwa ndoo na saa, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na matokeo yaandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Miaka mitatu ya namba hizo ina thamani kuliko ripoti yoyote ya mshauri aliyekuja siku mbili.

Kuhusu utaratibu, nguvu ya kisheria mnayo tayari. Bodi ya Bonde ipime mwelekeo na kasi ya maji na ichore eneo la kuzamisha mvua kwa kila chanzo kinachohudumia zaidi ya kijiji kimoja. Halmashauri iingize ramani hizo kwenye mipango ya matumizi ya ardhi kwa Sheria Na. 6 ya 2007. Vijiji vitunge sheria ndogo kwenye mkutano mkuu, kwa lugha inayotaja vitu kwa majina: bomba la kupulizia, gunia la salfa, choo, lori la mchanga. Sheria ndogo inayosema "ni marufuku kuharibu mazingira" haimzuii mtu, kwa sababu hakuna anayejiona anaharibu. Na pale chanzo kinapolisha kijiji cha chini huku maji yakizama kwenye ardhi ya kijiji cha juu, halmashauri iwakutanishe wote wawili kabla ya kupitisha chochote. Kijiji cha juu hakina sababu ya kubana mashamba yake kwa ajili ya maji ambayo hakinywi, kama hakina gati, yaani kituo cha kuchotea, hata moja la maji hayo.

Tunaomba ramani za vyanzo vitano vya kwanza kwa kila wilaya ziwe zimebandikwa kwenye ofisi za kata kabla salfa ya msimu ujao haijaanza kugawiwa, na ile siku moja ya mafunzo ya kuosha bomba iingizwe kwenye ratiba ya kila ghala.

Wenu katika kazi,

Mafundi maji, wasimamizi wa vyombo vya watumia maji na maofisa ugani, Mtwara na Lindi